Wanawake wa Gongoni Waliofaulu Kijiti

Kila siku asubuhi, kabla hajajibu salamu ya mtu yeyote, Bi Mwanahawa binti Awadhi hutia makaa kwenye chetezo, huweka kipande cha udi juu yake, kisha hukisimamia katikati ya miguu kama kuku anayeatamia moto. Kanga huishusha mpaka chini ili moshi usipotee bure. Hapo huwezi kumsemesha. Jirani mmoja aliwahi kubisha hodi na habari ya msiba, akasimama barazani akilia, na Bi Mwanahawa akamjibu kutoka ndani, "Marehemu hana haraka tena. Ngoja nimalize kujifukiza."

Mimi ni mpangaji wake. Chumba changu kiko uani, dirisha linatazamana na jiko, na moshi ule ndio unaoniamsha. Nguo zangu zinanukia udi, vitabu vyangu vinanukia udi, hata daftari za wanafunzi ninazozisahihisha hurudi shuleni zikinukia kama bibi harusi. Sijawahi kulalamika. Kwa Bi Mwanahawa, mtu anayenukia hana cha kulalamikia.

Yeye ni kungwi. Msichana wa Gongoni au Isevya akikaribia kuolewa hupelekwa kwake kufundwa, na nusu ya wanawake wanaopita mtaani kwetu wakiwa na ndoa zao walianzia kwenye mkeka wake. Mafunzo yake mengi hayaandikiki. Yale yanayoandikika yanahusu harufu.

Anasema jambo hilo ni la ukoo. Mji huu, kwa maelezo yake, ulijengwa kwa miguu ya wapagazi, na miguu ya wapagazi ilinuka. Walikuwa wakitembea kutoka pwani na mizigo ya vitambaa na shanga vichwani, wakifika hapa wanatua, wanapumzika, kisha wanashika tena njia ya Ujiji. Walioandika habari zao wakataja meno ya tembo, hakuna aliyetaja makwapa. Bibi mzaa bibi yake ndiye aliyeyaona makwapa. Akatandika mkeka njiani, akapanga udi na marashi.

"Wenzake waliuza mtama," husema Bi Mwanahawa. "Yeye aliuza heshima."

Siwezi kuthibitisha habari hizi, na sijapata mtu mwenye ujasiri wa kuzikanusha mbele yake.

Ana mtoto mmoja, Sabiri, fundi wa baiskeli, mtu mpole mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, ambaye mama yake humtuma kunawa kabla hajaitikia shikamoo yake. Sabiri alimwoa Zuwena wa Isevya. Zuwena naye alifundwa na Bi Mwanahawa huyo huyo, yaani mwalimu alijichagulia mwanafunzi. Wote wanaishi nyumba moja, na kwa kweli wanapendana, ingawa ukiwasikia jikoni unaweza kwenda kumwita mjumbe.

Mwaka juzi Zuwena alijifungua mtoto wa kiume. Alizaliwa mzima, akalia, akanyonya. Siku ya pili akafariki. Bi Mwanahawa alisema ni jicho, akamtaja na mwenye jicho, mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye kwa bahati mbaya ana makengeza tangu utotoni, hivyo hakuwa na namna ya kujitetea. Baada ya hapo jambo hilo halikutajwa tena nyumbani. Zuwena alipopata mimba ya pili hakushona hata kofia. Sabiri alinunua beseni la kumwogeshea mtoto akalificha kibandani kwake, chini ya baiskeli mbovu, kana kwamba ni mali ya wizi.

Mimba ile ilipokuwa inakua, kituo cha afya tunachokitumia kilianza kipimo kipya. Mama akifika na uchungu, mkunga huchukua kijiti kirefu chenye pamba kichwani, akapitisha mbele, kisha akapitisha nyuma. Kijiti hutiwa kwenye kimashine kilichokaa mezani kama redio, na kabla sufuria ya maharage haijaiva kimashine kinasema kama mama ana aina fulani ya bakteria. Bakteria hao hukaa kwa wanawake wengi bila kuwaletea taabu yoyote. Taabu ni ya mtoto, ambaye anaweza kuwaokota akiwa njiani kutoka. Kwa hiyo mama akikutwa nao hutundikiwa dripu ya dawa mapema, ili mtoto apite njia iliyokwisha kufagiwa.

Ndivyo alivyoeleza mkunga mwenyewe, Dafrosa, binti wa wakulima wa Ulyankulu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wenzake kutoka shamba la pili. Lakini maelezo ya Dafrosa yalitoka kituoni kwa miguu, na uvumi ulipanda bodaboda.

Kwanza watu waligombana na ile "nyuma".

"Mtoto anatokea mbele," walisema akina mama kwenye bomba la maji. "Nyuma wanatafuta nini?"

"Labda wamepoteza kitu."

Halafu ikawa zamu ya mkwe wa Bi Kulwa. Bi Kulwa ni muuza maandazi wa Isevya, shoga na adui wa Bi Mwanahawa tangu walipokuwa wasichana. Hawawezi kukaa pamoja na hawawezi kukaa mbalimbali. Mkwe wake alikuwa mtu wa kwanza tunayemfahamu ambaye kimashine kilimwona na bakteria. Akatundikiwa dripu, akajifungua, mtoto mzima, mama mzima. Habari ingeishia hapo. Lakini ilimfikia Bi Mwanahawa akiwa jikoni kwenye shughuli ya harusi, mwiko mkononi na wasikilizaji pande zote, na yeye hajawahi kuiacha hadhira ikakaa bure.

"Kijiti kimeingia kwa akina Kulwa," alisema, "kimetoka kinakohoa."

Maneno hayo yalifika Isevya pilau likiwa bado motoni. Tangu siku ile kijiti kikawa hakipimi bakteria tena, kinapima uchafu, na kuliko kuitwa mchafu katika mji huu ni afadhali uitwe mchawi. Mama mkwe akauliza kwanza "kijiti kimesemaje?" ndipo aulize "mtoto gani?" Mume mmoja alimrudisha mkewe kwao kwa muda, mpaka wazee walipomwendea na kumwuliza yeye mwenyewe aliwahi kupimwa nyuma lini.

Wajawazito wakaingiwa na hofu ya mtihani. Na mtu akiwa na hofu ya namna hiyo Gongoni, anajua mlango wa kubisha.

Bi Mwanahawa alichemsha majani ya mpera, akayeyusha humo shabu, ile chumvi ya mawe inayokaza ngozi, akaongeza kizibo cha dawa ya maji ya kusafishia vidonda, ile inayogeuka nyeupe ukiitia kwenye maji, na juu yake akanyunyiza marashi. Mwanamke akisikia uchungu wa kwanza alipitia kwake kabla ya kwenda kituoni. Huko ndani aliogeshwa kama sufuria ya shughuli, nje kwa ndani, "mlango wa barazani na mlango wa uani," kama alivyosema mwenyewe, kisha akafukizwa udi, akafungwa kanga safi, akapelekwa kituoni akinukia hata walinzi wa geti wakasimama.

Wakafaulu. Alifaulu wa kwanza, akafaulu wa pili, wakafaulu wote waliofuata. Kijiti kilitoka kwa wanawake wa Gongoni bila neno la kusema. Bi Mwanahawa alipita sokoni akisalimiwa kama mwalimu mkuu ambaye shule yake haijatoa sifuri hata moja.

Uchungu wa Zuwena ulianza asubuhi, udi ukiwa bado unafuka uani. Mama mkwe wake hakubahatisha. Kwa kuwa huyu ni wa nyumbani, alimtilia vizibo viwili.

"Mama, inawasha," nilimsikia Zuwena akisema kutoka bafuni.

"Kinachowasha kinafanya kazi, mwanangu. Panua."

Sabiri alikwenda kuita bajaji, akarudi nayo akiwa anaikimbilia kwa nyuma, kwa sababu kwa wasiwasi alisahau kupanda. Nilipewa kikapu chenye kanga na chupa ya uji, tukaenda.

Kituoni, kwenye benchi la nje ya chumba cha kuzalia, alikuwa amekaa Bi Kulwa. Safari hii binti yake mwenyewe alikuwa amejifungua jana yake, naye amekuja na uji wa mzazi na maandazi yake mwenyewe ya kula.

"Kulwa, shoga yangu! Bado mko? Nilidhani mmeshamaliza watoto."

"Tunazaa, mwenzangu. Sisi wachafu tunazaa sana."

Benchi likacheka. Walikuwepo akina mama wengi pale, wengine wanasindikiza, wengine wamekuja kliniki, na wengi wao Bi Mwanahawa ndiye aliyewafunda. Aliketi katikati yao, akatandaza kanga magotini, akangoja kama mtu anayengoja kusomewa jina lake kwenye zawadi.

Baada ya muda Dafrosa alitoka, akamwinamia na kumnong'oneza kwamba kipimo cha Zuwena hakikuona kitu. Alinong'ona kwa sababu hizo ni siri za mgonjwa. Bi Mwanahawa alisimama akapiga kigelegele kilichomwamsha mtoto wodini.

"Mama! Hajazaa bado."

"Najua. Hicho ni cha kijiti."

Dafrosa alitikisa kichwa. "Mtaa wenu unanishangaza. Wa Isevya wamo wenye nao, wa ng'ambo ya reli wamo, wanaotoka vijijini wamo. Wa Gongoni, hakuna hata mmoja. Mnakunywa maji gani huko?"

"Maji ya kunywa tunakunywa kama ninyi, mwanangu. Ila sisi na kuoga tunaoga."

Benchi likacheka tena, ila Bi Kulwa. Dafrosa hakucheka pia. Alikuwa na swali lake.

"Zuwena ameniambia mtoto wa kwanza alifariki. Aliumwa nini?"

"Jicho."

"Jicho lake liliuma?"

"La mtu."

Dafrosa alivuta pumzi. "Alipimwa?"

"Nani, mwenye jicho?"

"Mtoto, mama!"

"Hakuwahi. Alifariki nyumbani, tukamzika alasiri ile ile."

"Nauliza kwa sababu," alisema Dafrosa, na sasa alikuwa akisema na benchi zima, maana ndiyo tabia ya wakunga, wakiona wanawake wamekaa hawawezi kuacha kuwafundisha, "mtoto aliyeokota hawa bakteria huwezi kumjua akizaliwa. Analia vizuri, ananyonya vizuri. Halafu analiacha ziwa. Anakuwa wa moto, au anakuwa wa baridi. Na anaguna. Kila akitoa pumzi anaguna, kama mtu anayejitwisha gunia. Mkimsikia mtoto anaguna hivyo msingoje kesho, mleteni." Akamgeukia Bi Mwanahawa. "Lakini wa kwako kipimo kimesema hanao, kwa hiyo tumshukuru Mungu. Dawa hatumpi asiyeihitaji." Akarudi ndani.

Bi Mwanahawa aliketi. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa katikati ya watu na mdomo umefungwa.

Zuwena ndiye aliyenieleza baadaye. Yule mtoto wa kwanza aliguna. Aliguna siku nzima ya mwisho wake, mikononi mwa bibi yake, na Bi Mwanahawa akawaita watu waje wamsikilize. "Tazameni anavyoguna," aliwaambia, "babu yake mtupu, hivi ndivyo alivyokuwa akitafuta miwani." Nyumba nzima ilicheka.

Sasa alikuwa amekaa pale na kigelegele chake bado hakijapoa, akiwa ameunganisha mambo ambayo mtu mwingine yeyote hapo hakuyaunganisha: kijiti hakikuona kitu kwa Zuwena kwa sababu asubuhi ile yeye mwenyewe alihakikisha hakuna cha kuonwa. Kama bakteria wale walikuwemo mwilini mwa mkwe wake mara ya kwanza, hakukuwa na sababu ya kudhani wamehama. Na dripu ambayo ingemlinda mtoto ilikuwa imetundikwa ukutani, upande wa pili wa mlango, inangoja mtu mwingine.

Alichotakiwa kufanya ni kusema. Lakini kusema pale kulikuwa ni kusema mbele ya wanafunzi wake wote, na mbele ya Bi Kulwa, ambaye angelipeleka neno hilo Isevya kabla ya adhuhuri, likiwa limepakwa sukari kama andazi.

Alijaribu njia za panya kwanza. Alisimama, akaenda mlangoni.

"Nesi! Hicho kimashine kimeamka vizuri leo? Umeme ulikuwa unakatikakatika."

"Kimeamka vizuri, mama. Kaa."

Akakaa. Akasimama.

"Nesi! Huwezi kukirudia? Kwa furaha tu?"

"Kwa furaha nenda harusini!"

Akakaa. Bi Kulwa alikuwa anamtazama, anatafuna polepole.

"Mwanahawa, umekalia siafu?"

"Kula maandazi yako, Kulwa."

Ndani Zuwena alilia, kilio kirefu, na mtu akasema chupa imepasuka. Bi Mwanahawa akaruka mlangoni mara ya tatu.

"Nesi, njoo nikunong'oneze."

"Mikono yangu iko kazini! Sema hapo hapo."

"Hapa hapasemeki."

"Basi nyamaza!"

Akageuka, akatutazama sote pale benchini, mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa buibui sokoni. Kisha akaugeukia mlango na kusema kwa sauti yake ile ile ya shughulini, kwa sababu hana nyingine.

"Nimemwosha!"

"Vizuri," ilijibu sauti ya Dafrosa.

"Nimemwosha mbele na nyuma!"

"Vizuri, mama."

"Nje na ndani, Dafrosa! Kwa shabu! Na dawa ya vidonda, vizibo viwili! Kabla ya bajaji!"

Dafrosa alitokea mlangoni, mikono yenye glavu ameinua juu kama mtu aliyetekwa.

"Kwa nini?"

"Ili afaulu."

"Afaulu nini?"

"Kijiti."

Dafrosa alifumba macho, akayafumbua. "Na wale wengine wa Gongoni?"

"Wote ni mimi."

Bi Kulwa aliweka andazi chini. Kwake hilo ni kama mtu mwingine kuzimia. Lakini Bi Mwanahawa alikuwa hajamaliza, na aliyoyasema sasa aliyasema taratibu.

"Na yule wa kwanza aliguna. Kama ulivyosema. Aliguna mikononi mwangu nikawachekesha watu. Yule mama wa makengeza hana kosa. Muwekee mkwe wangu hiyo dawa."

Dafrosa hakumgombeza. Alirudi ndani, na tukamsikia akiagiza dripu, akisema kipimo kile si kipimo tena, akimpigia daktari simu huku anatafuta mshipa. Baada ya kitambo alichungulia nje.

"Imeingia. Dawa inataka ikae mwilini saa kadhaa kabla mtoto hajatoka. Tuombe asifanye haraka. Na wewe mama, ukimgusa tena huyu na maji ya aina yoyote, hata ya kunywa, nitakufunga kwenye mguu wa kitanda."

"Nifunge," alisema Bi Mwanahawa. Hapo hapo akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Zuwena! Mwanangu! Usisukume! Kaa naye!"

"Mama, ulisema nikifika nisukume upesi!"

"Nilisema mengi! Tulia! Mwambie asubiri!"

Kwa miaka yote amewafundisha wanawake kuzaa kwa haraka bila kelele. Asubuhi ile alisimama mlangoni akiomba uchungu upungue, akisoma dua na kuitia mikosi saa ya ukutani iende taratibu, akimtaja mjukuu wake kama abiria anayeteremka treni haijasimama. Sabiri alikuwa nje anazunguka mti wa mwarobaini. Kila alipopita dirishani mama yake alimpungia mkono aache kuzunguka haraka, kana kwamba mwendo wake ndio unaomsukuma mtoto.

Bi Kulwa alisogea kwenye benchi mpaka wakagusana mabega.

"Mwanahawa."

"Sema tu, umalize."

"Kijiti kimeingia kwako," alisema Bi Kulwa, "kimekutana na marashi, kikazimia."

Benchi likavunjika kwa kicheko. Akina mama waliojifungua, huko wodini, walicheka wakishika matumbo na kuomba wasichekeshwe. Bi Mwanahawa aliyapokea yote, kichwa ameinamisha, na vicheko vilipopungua Bi Kulwa akampa andazi. Akalishika mkononi mpaka likageuka makombo.

Mtoto alizaliwa adhana ya alasiri ilipokuwa inaadhiniwa. Dawa ilikuwa imekaa muda wa kutosha. Dafrosa alisema hivyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Bi Mwanahawa hakuamini. Ni msichana. Alilia vizuri, akanyonya vizuri, na hakuna aliyefurahi, maana tulishajua kwamba hivyo ndivyo wanavyoanza. Walibakizwa wodini waangaliwe. Siku ya pili nilikwenda na uji nikamkuta Bi Mwanahawa ameinama juu ya kitanda, sikio ameliweka kwenye kifua cha mtoto, ushungi umemporomoka.

"Anaguna?" aliniuliza bila kuinuka.

"Analala, mama," alijibu Zuwena. "Na wewe unamlalia."

Hakuguna. Siku ya tatu alikuwa ananyonya kama anayelipiza kisasi, na Sabiri akalitoa beseni kibandani, akalibeba kichwani mtaa mzima mchana kweupe. Kama bakteria wale walikuwemo au hawakuwemo, hakuna atakayejua. Maji ya mpera yalikwisha kuondoka na ushahidi. Dafrosa amelisema hilo wazi.

Bi Kulwa alitimiza wajibu wake. Jina la Bi Deki, alilombandika Bi Mwanahawa, lilitangulia kufika nyumbani kabla ya mtoto, na mpaka leo watoto wa mtaa wakimwona anapita huigiza mtu anayepiga deki. Wasichana wawili waliokuwa waletwe kwake kufundwa walipelekwa kwingine. Kwa mama mwenye makengeza alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akapokelewa kwa chai na maneno ambayo amekataa kuyarudia, na yeye si mtu wa kukataa kurudia maneno.

Halafu akaanza kutembea. Alipita kwa kila aliyemfaulisha, nyumba hata nyumba, akidai anakuja kuona mtoto anafanana na nani. Aliwapakata, akawainamia, akawasikiliza vifua. Wote walikuwa hai na wazima. Mmoja tu aliwahi kulazwa wiki yake ya kwanza, homa kali, akachomwa sindano nyingi akapona, na mama yake alisimulia akicheka, maana yalishapita. Bi Mwanahawa alirudi siku hiyo akaingia chumbani, hakula.

Dafrosa naye alimtafutia adhabu. Siku za kliniki ya wajawazito Bi Mwanahawa hukaa benchini na wanawake, akiwaeleza habari ya kijiti. Nilipita siku moja nikasimama dirishani.

"Nendeni na vijidudu vyenu," alikuwa anasema. "Msinipunguzie hata kimoja. Hivyo si uchafu. Nabii wa Mungu angekuwa mwanamke angeweza kuwa navyo." Mtu akasema astaghfirullah. "Nimesema angekuwa! Wewe sikiliza. Uchungu ukianza, usioshe ndani, usitie shabu, usitie chochote. Mwenye kukwambia uoshe, mwambie Bi Mwanahawa aliosha."

"Na tukikutwa navyo mama mkwe akasema?"

"Mlete kwangu. Nimefunda mama wakwe wabaya kuliko wako, nikiwemo mimi."

Siku hizi wanawake wa Gongoni wanakutwa na bakteria kama wanawake wa kwingine. Wanatundikiwa dripu, wanazaa. Mmoja aliwahi kutoka akitangaza kwa majivuno kwamba yeye anavyo, na mwenzake ambaye hakukutwa navyo akanuna, akamwuliza Dafrosa amekosa nini.

Juzi alasiri tulikuwa uani tunabambua karanga, yeye na mimi. Zuwena alikuwa ndani anamlaza mtoto. Bi Mwanahawa alikuwa akisimulia tena habari ya siku ile, na kama kawaida yake kila akiirudia inakuwa nzuri zaidi; sasa Bi Kulwa alikuwa ameangusha sinia zima la maandazi, na Dafrosa alikuwa amepiga magoti. Mimi si mwulizaji. Katika muda wote niliokaa kwake huwa nasikiliza tu. Lakini alipofika pale alipougeukia mlango na kusema, nilimkatiza.

"Bi Mwanahawa, kama aliyekuwa ndani siku ile angekuwa mke wa mtu mwingine, ungesema?"

Alibambua karanga aliyokuwa ameishika, akaitupa kwenye ungo, akachukua nyingine.

"Nisingesema," alisema.